Mwenye Bakuli la Jirani Hasafiri

Mama Debora alisema mtungi uliopoza nyumba za kiota cha Mkaratini haukupasuka ghafla. Ulianza kwa kulia.

"Ulilia, haki ya Mungu nawaambia," alisema, akijiweka sawa mkekani na kujipepea kwa upindo wa kitenge ingawa mle ndani hakukuwa na joto. "Ulilia kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Watu wakadhani ni ngurumo, wakashangilia, mvua hiyo inakuja! Mvua ya wapi, kiangazi hiki? Mtungi ndio ulikuwa unakata roho."

Kwa maneno yake, familia ya Mzee Shomari ilikuwa imeondoka Mkaratini jana yake, kwenda kupiga mahema kaskazini kwenye baridi. Watu saba kwa mpigo, kimya kimya, bila kuaga mtu. Kulipokucha utando wa mtungi ukawa mweupe kama ulimi wa mgonjwa, ukinuka kama chungu kilichosahauliwa. Jua lilipopanda ukaanza kubanduka kama gamba la nyoka. Alasiri haijaingia, udongo wenyewe ukachanika kutoka shingoni hadi kitakoni, na baridi yote ya kiota ikamwagika nje kama maji ya ndoo. Wenye miguu walikimbilia bwalo la mjini, wanakopokelewa waliokimbia joto. Wazee wawili waliokuwa hawajiwezi wakabaki.

"Wamekutwa wamekumbatiana," alisema Mama Debora. "Wamekauka. Dagaa! Dagaa wa kununua, nawaambia."

"Uliwaona?" aliuliza Baba.

"Aliyesaidia kuwatoa ni shemeji yake mdogo wangu."

"Juzi ulisema ni mjomba wake."

"Baba Tumu, maiti ni maiti, awe ameitoa shemeji au mjomba."

Mwantumu alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, ungo wa mchele mapajani. Nyumbani walimwita Tumu. Alikuwa msichana wa maneno machache, mwenye tabia ya kutazama mikono ya watu wakati wengine wanatazama midomo. Aliona mikono ya Mama Debora ikitulia. Kisha akaona macho ya mama huyo yakiteremka taratibu hadi katikati ya mkeka, palipokuwa na kanga iliyotandikwa bila sababu, na Tabia, mdogo wake Tumu, kaikalia ukingo kama kuku anayeatamia.

"Mnaanika nini hapo?"

"Kunde," alijibu Mama upesi. "Zina wadudu."

"Kunde zinaanikwa ndani, chini ya kanga?"

Tabia ndiye aliyewaokoa, bila kukusudia. Kikohozi kilimpanda kutoka chini kabisa ya kifua, kikamkunja mara mbili, na kilipomwachia midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mama Debora akasahau kunde. Alimpigapiga mgongoni, akamtazama kwa uso wa mtu anayejua kuzaa na kuzika, akasema atamletea tangawizi. Kisha akaingia kwenye ujia ulioezekwa unaounganisha nyumba, kurudi kwake, na mlango wa ujia ukajifunga nyuma yake polepole, kama mdomo.

* * *

Kanga ilipoondolewa, kaskazini yote ilikuwa bado salama pale mkekani.

Baba alikuwa ametandaza uzi wa katani uwe barabara. Juu ya uzi aliweka punje: choroko mahali pa kupita bila kusimama, kunde mahali pa kupiga kambi. Kilosa kwao palikuwa na kifuniko cha chupa.

"Dumila, choroko," alisema, akigusa kwa kidole. "Turiani, choroko. Handeni, choroko, hapo hatushuki hata kwa dawa, ni tanuri tupu. Korogwe, tunapumzisha betri ya gari gizani. Halafu tunapanda. Lushoto, kunde ya kwanza!"

"Na mimi nikibanwa Handeni?" aliuliza Tabia.

"Kopo litakuwepo."

"Mbele za watu?"

"Watu gani? Sisi ni watu?"

Tabia alicheka kwa tahadhari, kama mtu anayebeba yai. Alikuwa na miaka minane na tayari alijua kupima kicheko.

Kutoka Lushoto uzi ulipita Same kwa choroko, ukapanda Sanya Juu, ukaenda Karatu, ukavuka mpaka, ukafika Nyahururu, na mwisho wake ukaishia mbali, karibu na mguu wa kabati, kwenye mlima wa Marsabit. Ulikuwa mwendo mrefu kwa watu wanne na pikapu moja nyeupe. Lakini watu wa milimani walikuwa wamechoka na wageni. Kila kizuizi siku hizi kilimruhusu mtu wa bondeni kulala siku saba tu mahali pamoja, kisha ang'oe hema asogee. Aliyetaka baridi alihama kama mfugaji, kilima hadi kilima, mpaka masika yamkute huko na joto la kwao liishe.

"Dada Tumu," alisema Tabia, "ni kweli huko pumzi ya mtu inaonekana?"

"Wanasema inaonekana. Inatoka mdomoni kama moshi."

"Halafu nani anaikusanya?"

"Haikusanywi. Inapotea tu."

Mtoto alilifikiria jambo hilo kama anayesikia habari za watu wanaotupa sukari.

Tumu naye alikuwa na kunde yake. Baba alipokuwa akipanga, alikuwa amechukua punje moja kutoka kwenye rundo la kunde na kuiweka mwenyewe mwisho wa uzi, Marsabit. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Tangu alipomaliza darasa la saba, viangazi vyote alivipitisha ndani ya kuta hizi, na hakuwahi hata siku moja kuhisi baridi ambayo haikutokana na mtu mwingine. Alitaka kusimama mahali penye baridi isiyokuwa ya mtu.

"Ijumaa, jua likizama," alisema Baba. "Luka wa Mama Debora atatoa kiganja langoni, kikae pamoja na changu lango lifunguke. Nitamwambia napeleka gari kwa fundi. Luka si mtu wa maswali."

"Na Bi Sikitu hapo jirani, asiyeweza hata kutembea?" aliuliza Mama, sauti yake ikiwa ndogo.

Baba alisogeza choroko moja iliyokuwa imekaa vizuri.

"Nesi alisema nini?" aliuliza. "Alisema kiangazi kimoja zaidi kwenye hewa hii, tusimlilie yeye. Alisema au hakusema?"

"Alisema."

"Basi."

Tumu alisubiri waulize jambo moja kuhusu mtungi ambalo yeye ndiye aliyelijua. Hawakuliuliza. Alichukua kibuyu na kitambaa laini, akaenda kuosha mtungi.

* * *

Mtungi ulisimama katikati ya kiota, na nyumba zilikuwa zimeuzunguka kama watoto waliozunguka sinia. Ulikuwa mrefu kupita mapaa ya nyumba, wa udongo wa kuchoma, na kutoka tumboni mwake njia zilizoezekwa zilikwenda hadi kila mlango. Wazo lake lilikuwa la kale kama mtungi wowote wa maji ya kunywa kwenye pembe ya nyumba: udongo unatoka jasho, jasho likikauka linaacha ubaridi. Kilichokuwa kipya ni utando.

Utando ulikuwa hai. Ulikuwa ngozi ya kijani, nyembamba kama ya juu ya maziwa, iliyooteshwa ndani ya udongo na watu wenye elimu zao zamani Tumu hajazaliwa. Chakula chake kilikuwa pumzi. Hewa iliyotoka vifuani mwa watu wakiwa wamelala, wakiongea, wakigombana, ilivutwa kupitia kwenye ujia hadi kwenye utando, nao ukiila ulifungua vitundu vya udongo, na mtungi ukatoka jasho. Pumzi zikipungua, vitundu vilifumba. Na utando ulikuwa na uchoyo wa mbwa wa nyumbani: ulizoea watu wake. Mgeni angeweza kuupumulia msimu mzima kabla haujamkubali. Ndiyo maana mtu hakuweza tu kuhamia kiota kingine, na kiota hakikuweza tu kuingiza watu wengine mahali pa walioondoka.

Kasoro yake ilikuwa unga. Utando ulitoa unga usioonekana, na kwa watu wengi unga huo haukufanya lolote. Kwa wachache, kama Tabia, ulikaa kifuani na kujenga.

Tumu alipanda ngazi, akalowesha kitambaa, akaanza kuosha kutoka juu kama unavyomwosha mtoto. Zamani kazi hii ilikuwa ya zamu; siku hizi ilikuwa yake tu, kwa kuwa hakulalamika. Kiota kilikuwa cha watu ishirini na zaidi. Wengine wakafa, wengine wakahama, na akina Kasimba walipoondoka mwaka uliopita walibaki tisa: wao wanne, Mama Debora na mumewe Luka na watoto wao wawili, na Bi Sikitu peke yake. Siku ile akina Kasimba walipotoka, utando ulikuwa umepauka na mtungi kuanza kunuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Harufu hiyo Tumu hakuisahau. Mama Debora aliweka chumvi kwenye kila hadithi, lakini katika hadithi ya Mkaratini alikuwa ametaja harufu hiyohiyo, na hiyo mtu haitungi.

Aliweka sikio kwenye udongo. Ndani, mbali, tone lilianguka. Kisha jingine. Alijaribu kuwaondoa wanne katika tisa, akasikiliza ukimya ambao ungebaki.

* * *

Kosa lilifanyika siku iliyofuata, na lilifanywa kwa adabu.

Mama alikuwa akifunga vyombo vya safari. Sufuria mbili, jagi, vikombe vya bati. Nyuma ya kabati mkono wake ukagusa bakuli jeupe lenye ua la bluu ubavuni, akasimama nalo. Lilikuwa la Bi Sikitu. Lilikuja na uji wa pilipili manga siku Tabia alipozaliwa, likabaki. Mara kwa mara mmoja alisema bakuli la watu lirudishwe, na mara kwa mara likatiwa maharage kwanza.

Hakumwambia mumewe. Alikaanga vitumbua, akalijaza, kwa kuwa bakuli la mtu halirudi tupu, akajitanda kanga na kuvuka ujia hadi kwa mwanamke mzee. Tumu alimwona akitoka. Alifungua mdomo, akaufunga. Baadaye alijiuliza sana kuhusu huo mdomo alioufunga.

Njiani Mama alipishana na Mama Debora, aliyekuwa anapeleka tangawizi. Wakasalimiana. Mama Debora akaangalia bakuli.

Alipofika kwa akina Tumu na tangawizi yake, Mama Debora alikuwa hana tena uso wa kuleta tangawizi. Mumewe Luka alimfuata nyuma, macho miguuni.

"Mnaondoka lini?" alisema Mama Debora, kabla ya hodi.

Baba alikuwa anakaza kamba ya hema. Hakuwa na mahali pa kulificha. "Kwenda wapi?"

"Baba Tumu, usinifanye mtoto. Bakuli la Bi Sikitu limerudi."

Wakati huohuo Mama aliingia kutoka kwenye ujia, mikono mitupu. Akawakuta wamesimama.

"Umerudisha bakuli?" Baba alimuuliza polepole.

"Sasa nisafiri na bakuli la mtu? Nikifia njiani nizikwe nalo shingoni?" Kisha akaelewa, akajifunika mdomo kwa kanga. "Mama yangu hakunilea hivyo," alisema ndani ya kanga. "Mwenye bakuli la jirani hasafiri. Ninyi nyote mnajua."

"Tunajua," alisema Mama Debora. "Ndiyo maana na mimi nimejua."

Baba alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Mipango ya miezi miwili, gari kupakwa chokaa vipande vipande ili majirani wasishtuke, kunde kufunikwa kanga, na siri yote imetembea ujiani mchana kweupe ikiwa imejaa vitumbua.

"Sawa," alisema. "Tunaondoka. Mwanangu anakufa humu. Kuna mtu anataka kunifunga kamba?"

"Mkiondoka wanne tunabaki watano," alisema Mama Debora. "Watano wataulisha utando? Muulizeni Tumu. Yeye ndiye anayeuosha, muulizeni!"

Wote wakamgeukia. Tumu alitazama mikono ya baba yake juu ya kamba ya hema. Ilikuwa inamwomba.

"Watano hawatoshi," alisema.

Baba alitazama kando kama aliyepigwa kofi na mtoto.

"Umesikia," alisema Mama Debora. "Sisi tutakimbilia bwaloni, tutalazwa sakafuni kama magunia, lakini tutaishi. Na Bi Sikitu? Moyo wake ule? Kumtoa hapa hadi bwaloni tu hafiki."

"Na mimi huyu wangu nimfanyeje?" Baba alimnyooshea kidole Tabia, aliyekuwa kajibana kwenye kona na kunde mkononi. "Kila pumzi anayowapa ninyi inamrudia sumu. Akohoe mpaka lini ili ninyi mlale pazuri? Niambie tarehe, Mama Debora! Wewe unayejua kila kitu, nitajie siku ambayo nitaruhusiwa kumchukua mwanangu!"

Machozi yakamtoka Mama Debora, akawa mwenyewe kayakasirikia.

"Mimi simtaki mtoto afe," alisema. "Unanifanya kana kwamba namtaka afe. Mimi nichague nani? Nani kanipa mimi kuchagua?"

"Hata mimi hakunipa mtu," alisema Baba.

Luka akakohoa kidogo. "Kiganja changu langoni sitoi, Baba Tumu," alisema, bado akiangalia miguu yake. "Nisamehe. Ningetoa bila kujua. Sasa nimejua."

Waliondoka. Kwenye kizingiti Mama Debora alirudi hatua mbili, akaiweka tangawizi juu ya kabati, akaenda zake.

Lango la kiota lilikuwa na mahali pawili pa kuweka viganja, na halikufunguka mpaka viganja vya nyumba mbili vikae pamoja. Waliolijenga walijua watu husahau kufunga, na joto likiingia mara moja tu huua utando; wakaona bora kila anayetoka awe na shahidi. Ukuta ulikuwa mnene. Gari lilikuwa limejaa. Uzi wa katani ulikuwa umetanda mkekani na kunde zake zote, na ulikuwa na urefu uleule.

"Imebaki nyumba moja," alisema Baba hatimaye.

Hakuitaja. Mama alikaa chini.

"Nani ataenda kumwomba?" alisema. "Nani ana uso huo? Mimi nimetoka kwake sasa hivi, ameniombea dua."

Tabia akakohoa. Tumu akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

* * *

Kitanda cha Bi Sikitu kiliegeshwa kwenye ukuta unaopakana na mtungi, mahali penye baridi kuliko pote kiotani, na kutoka kwenye kibomba kidogo ukutani maji yalidondoka tone tone ndani ya beseni. Mwanamke mzee alikuwa amekaa na mito mgongoni, miguu iliyovimba mbele yake kama vitu vya mtu mwingine, bakuli mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Nimekula vitumbua vya mama yako, nimevimaliza. Sukari kazidisha. Mtu akiwa na jambo rohoni anazidisha sukari."

Tumu akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amepanga maneno njiani, na ujia ulikuwa mfupi.

"Mama Debora amekwishapita hapa?"

"Anapita wapi asipopita? Kanipa hadithi ya dagaa mwanzo mpaka mwisho." Bi Sikitu alizungusha bakuli, akalitazama ua la bluu. "Unajua, kila nilipokuja kwenu nilikuwa naliona hili bakuli kabatini. Nikitoka hapo nalala vizuri. Nilikuwa nasema, hawa hawaendi popote, bakuli langu lipo kwao. Ndiyo sababu sikulidai. Mama yako alidhani nimesahau."

"Bibi."

"Sema."

"Twende nawe."

Mwanamke mzee alicheka mpaka mito ikasogea. "Na moyo huu? Mtanizika Dumila, barabarani, kwenye jua hilo, halafu mchelewe. Na huko vizuizini wanataka mtu ashuke atembee mwenyewe. Nitatembea na nini, na hii miguu ya tembo?" Kicheko kiliisha polepole. "Sema ulichotumwa."

"Sikutumwa. Nimesimama mwenyewe."

"Basi sema ulichosimamia."

Tumu alitazama mikono ya Bi Sikitu. Ilikuwa na madoa na mishipa, ya kwanza kabisa kumshika Tabia alipotoka tumboni, siku ambayo joto lilimzuia mkunga kufika.

"Tunaomba kiganja chako langoni," alisema. "Ijumaa, jua likizama. Mimi na Baba tutakubeba mpaka pale na tutakurudisha. Nesi amesema Tabia hatamaliza kiangazi hiki humu. Na ninajua ninachokuomba, Bibi. Mimi ndiye ninayeuosha. Ninajua kuliko wote."

Tone lilianguka kwenye beseni.

"Nitatoa," alisema Bi Sikitu.

Alisema upesi na kwa wepesi, kama anayetoa chumvi, kiasi kwamba Tumu alibaki ameinama, bado akisubiri.

"Nitatoa. Yule mtoto nilimpokea kwa mikono hii. Siwezi kumpokea halafu nimfungie mlango kwa mikono hiyohiyo. Usilie, umekuja kuomba au kulia?"

"Kuomba."

"Umepewa. Sasa na mimi nina langu." Alisogea juu kidogo kwenye mito, kwa maumivu. "Siku akina Kasimba walipohama, nilikuwa nakusikia kupitia ukuta huu. Wengine walidhani mtungi ulipona wenyewe. Mimi nilikuwa nasikia. Ulikaa nao tangu asubuhi, umeuweka mdomo kwenye udongo unaupumulia, kama mtu anayepuliza moto uliofifia. Siku ngapi sijui. Ukapumzika, ukarudi. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na ukibaki wewe, sita wanatosha?"

Swali hilo Tumu alikuwa amejiuliza usiku na mchana tangu uzi wa katani ulipotandazwa, na alikuwa amelifukia chini ya kunde moja huko Marsabit.

"Sijui, Bibi," alisema. "Hakuna anayejua. Labda. Akiwepo mtu wa kukaa nao karibu, mchana kutwa, mpaka masika."

"Mtu gani?"

Tumu aliangalia tone lililokuwa likining'inia kwenye kibomba.

"Sikiliza vizuri," alisema Bi Sikitu. "Hii si bei. Kiganja nimekwishatoa. Ukikataa, Ijumaa nitakuwepo langoni vilevile, nitawapungia mkono, na moyoni sitakuwa na kitu. Usije ukafika huko kwenye baridi ukasema bibi yule alinifunga. Sikufungi. Nakuomba tu." Sauti yake ilipungua. "Mzee haruhusiwi kuogopa, watu wanaona aibu kumtazama. Lakini naogopa, Tumu. Naogopa kufa kwa joto peke yangu, natazama mlango. Na dagaa sijawahi kuwapenda."

Tumu alijaribu kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko.

Bi Sikitu alipindua bakuli, akakung'uta makombo ya vitumbua kwenye kiganja, akayatia mdomoni. Kisha akanyoosha mkono hadi ukutani na kuliweka chini ya kibomba. Maji yalianza kudondoka ndani yake, tone, tone. Maji hayo yalikuwa yamepita vifuani mwao wote: mwa Luka aliyekataa, mwa Mama Debora na maneno yake, mwa Baba, mwa Tabia. Wote wawili walikaa wakitazama bakuli likijaa, na hakuna aliyeharakisha.

Lilipojaa, mwanamke mzee alilishika kwa mikono miwili na kulinyoosha mbele.

"Bakuli halirudi tupu," alisema. "Lipeleke kwenu. Likae kabatini pale lilipokuwa."

Tumu aliyatazama maji. Yalikuwa yamefika ukingo kwa ukingo, juu kidogo ya ua la bluu. Alifikiria moshi unaotoka mdomoni na kupotea, bila mtu kuukusanya. Alifikiria mgongo wa Tabia nyuma ya gari jeupe, ukienda. Mikono yake mwenyewe ilikuwa mapajani, imefumbatana, na aliitazama kama alivyozoea kutazama mikono ya watu wengine, aone itafanya nini.

Ujiani, kutoka upande wa kwao, kikohozi kilipanda, kikakatika, kikapanda tena.

"Tumu," alisema Bi Sikitu. "Linanilemea."

Tone moja lilimwagika ukingoni, likateremka juu ya ua la bluu, likaanguka sakafuni kati yao. Bi Sikitu hakulishusha bakuli.